Namna ya kuitambua na kuilinda ngome iliyobaki udongo: mwongozo kwa wakaazi wa kando ya maji, Mombasa

Mtu akishuka Ngomeni na kusimama mbele ya Fort Jesus, hahitaji kuambiwa kwamba ile ni ngome. Kuta za matumbawe zilizojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, zinajieleza zenyewe, na tangu mwaka 2011 zimo katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia. Taabu iko kwenye ngome zisizokuwa tena na kuta. Pale Makupa, ambapo zamani watu wa bara waliingia kisiwani kwa miguu maji yakipwa, Wareno waliweka vijingome vya kulinda kivuko. Leo maelfu ya watu hupita hapo kwa matatu kila asubuhi, wala hawajui kama chini ya njia yao paliwahi kuwa na lango la mji. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mahali pa namna hiyo, yaani mahali ambapo ngome imebaki kuwa tuta, shimo, mwinuko usioeleweka kando ya hori au mto, na ambapo mtu wa kwanza kuigundua thamani yake huwa ni mkaazi wa karibu, si mtaalamu.

Nitatumia sana mfano wa Wanormani wa Uingereza, yaani watu waliotoka Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, wakaishika nchi hiyo. Si kwamba nchi yetu haina mifano ya kwake, bali wale ndio waliojenga kwa udongo kwa wingi, kando ya mito, na waliowafuata wamekuwa na zaidi ya karne moja ya kujifunza, mara nyingine kwa hasara, namna ya kulinda jengo ambalo kwa macho ya mpita njia si jengo.

Jua kwanza unachokitafuta

William wa Normandy alipovuka bahari mwaka 1066 na kuishinda Uingereza, alihitaji ngome nyingi na alizihitaji haraka, na kujenga kwa mawe huchukua miaka. Ikawa watu wanachimba handaki la mviringo, udongo wanaoutoa wanaurundika katikati na kuushindilia tabaka juu ya tabaka, mara udongo wa mfinyanzi, mara mawe madogo, mara chokaa ya ardhini, mpaka panasimama kilima chenye kilele bapa. Juu ya kilele uliwekwa mnara wa mbao uliozungushiwa uzio wa magogo. Chini ya kilima palikuwa na ua mpana wenye ghala, zizi, jiko na nyumba za askari, nao ua ulikuwa na tuta lake na handaki lake. Mbao zilioza au ziliungua, na udongo ukabaki.

Mji wa York una funzo zuri kuliko mengi niyajuayo. William aliweka ngome mbili pale katika miaka ya 1068 na 1069, moja kila upande wa Mto Ouse, ili mto wenyewe uwe chini ya mkono wake. Ya kwanza ilipata mnara wa mawe katika karne ya 13, na mgeni yeyote wa York hupelekwa kuuona. Ya pili haikupata kamwe mnara wa mawe. Imebaki kilima chenye miti karibu na ukuta wa mji, na wengi hupita kando yake wakidhani ni mwinuko wa kawaida. Zote mbili zilikuwa ngome za mfalme mmoja, zilijengwa kwa kazi ileile na kwa hofu ileile. Tofauti ni kwamba moja ina mawe ya kupigwa picha na nyingine haina.

Kwetu, kilicho karibu zaidi na jambo hili ni kaya za Wamijikenda. Kaya zilikuwa vijiji vyenye boma ndani ya msitu, na nyingi zimebaki bila nyumba wala uzio. Anayeingia haoni jengo. Anaona njia nyembamba, mahali palipokuwa lango, uwanda katikati ya miti mikubwa. Hata hivyo mzee wa kaya anaweza kukuonyesha kila kitu kilipokuwa, na UNESCO ilipoziingiza kaya katika orodha yake mwaka 2008 ilikubali kwamba ardhi na msitu na desturi vinatosha kuwa turathi hata pasipo ukuta mmoja uliosimama. Ukilishika hilo, umeshika msingi wa mwongozo huu: kilichobaki ni umbo la ardhi, na umbo hilo ndilo jengo lenyewe.

Jiandae kabla ya kwenda

Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na kama mahali pana kaburi, msikiti wa zamani au mzimu, waone wanaopatunza kabla hujaweka mguu. Usifike na kundi la vijana na kamera halafu ndipo ukaanza kuulizia ni kwa nani. Mpe taarifa mzee wa mtaa, si kwa adabu peke yake, bali kwa sababu siku lori la kubeba udongo litakapofika yeye ndiye atakayekupigia simu.

Chagua siku kwa kufuata maji. Kando ya hori za Tudor na Kilindini, siku za bamvua maji hupwa mbali sana na kukuonyesha misingi, vigingi na mawe ambayo siku za maji mafu hayaonekani kabisa. Lakini bamvua hiyohiyo ikijaa ndiyo inayokula ukingo, kwa hiyo inafaa urudi pia wakati wa kujaa uone maji yanafika wapi. Saa nazo zina maana. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa wakati huo tuta la kimo cha kiganja hutupa kivuli kirefu, na handaki lililojaa udongo hadi kukaribia kusawazika huonekana kama mstari wa giza majanini. Saa sita mchana utaona uwanja mtupu na kurudi nyumbani ukisema hapana kitu.

Vifaa ni vichache: daftari gumu, penseli (wino huvuja ukilowa jasho), kamba ya katani iliyofungwa fundo kila mita, kijiti kilichonyooka cha mita 2 kilichowekwa alama kila sentimita 5, na ule mpira mwembamba wa maji unaopenya mwanga ambao mafundi wa ujenzi huutumia kusawazisha msingi. Simu itakupa picha na mahali ulipo kwenye ramani. Jembe na sururu vibaki nyumbani.

Isome ardhi kwa kuuliza maji

Swali la kwanza ukifika ni: kwa nini hapa, na si mita 200 kutoka hapa? Ngome ya kando ya maji karibu kila mara ina jibu. Huenda pana kivuko, mahali mto unapopunguza kina. Huenda pana kona ambapo chombo hulazimika kupunguza mwendo. Huenda ni mdomo wa bandari, kama ilivyo Fort Jesus. Kule Wallingford, William alivuka Mto Thames mwaka 1066 akielekea London, na muda mfupi baadaye ngome ikasimama palepale kwenye kivuko. Ngome hiyo ilibomolewa mwaka 1652, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni matuta na mahandaki kwenye majani kando ya mto, lakini anayejua habari ya kivuko huyasoma matuta yale kama sentensi.

Baada ya hapo tafuta handaki kabla ya kutafuta kilima. Watu wengi hufanya kinyume, na nadhani ni kosa, kwa sababu kilima huvutia macho na handaki hufukiwa. Udongo wa kilima ulitoka handakini. Ni kitu kimoja kilichogawanywa pande mbili, na anayefukia handaki ili apate kiwanja cha kuegesha magari amebomoa nusu ya ngome hata kama kilima hakikuguswa. Zunguka polepole ukitazama mahali majani yanapokuwa mabichi zaidi wakati wa kiangazi, maana udongo uliojaza handaki huwa na kina na hushika unyevu, ilhali juu ya ukuta uliozikwa majani hukauka mapema. Pale Ngomeni handaki lilichongwa kwenye mwamba wa matumbawe upande wa nchi kavu, na bado unaweza kuliona kwa urahisi. Ni mahali pazuri pa kuwafundishia vijana macho kabla ya kuwapeleka penye mashaka.

Jambo moja zaidi kuhusu handaki lenye maji. Mti uliozama kwenye tope lisilopata hewa hauozi upesi. Baharia yeyote wa Mji wa Kale aliyewahi kung'oa boriti ya zamani kutoka kwenye tope anajua kwamba sehemu iliyokuwa hewani huwa unga na iliyokuwa chini bado hukataa msumeno. Vivyo hivyo, chini ya handaki la ngome ya kando ya mto panaweza kuwa na magogo ya daraja, ngozi, mbegu, vyombo vya mbao, na vyote hivyo vitakufa siku mtu atakapochimba mfereji wa kulikausha. Ukiona mfereji mpya unaelekea kwenye handaki la zamani, chukua hatua siku hiyohiyo.

Pima bila kuchimba

Kupima kunataka watu wawili na subira. Anzeni chini kabisa ya handaki. Mmoja asimamishe kijiti wima kwa timazi. Mwingine apande mtelemko akiwa na ncha ya pili ya mpira wa maji na kuishikilia usawa wa ardhi mpaka maji yatulie pale pale kwenye udongo. Maji hujilinganisha yenyewe, kwa hiyo mwenye kijiti akisoma kimo cha maji upande wake, hicho ndicho kimo walichopanda. Andikeni namba hiyo pamoja na umbali kwa kamba iliyonyooshwa mlalo, kisha aliye chini ahamie alipokuwa mwenzake, muendelee hadi kileleni na kushuka upande wa pili. Mkizijumlisha namba na kuzichora kwenye karatasi ya miraba mtapata sura ya ngome iliyokatwa kama mkate. Nimeona vijana wa darasa la nane wakiifanya kazi hii kwa saa 3 na kupata mchoro ambao mtaalamu hakuuonea haya.

Rudieni mkato huo walau mahali pawili, mkiweka alama za kuanzia kwenye kitu kisichohama, kama pembe ya nyumba au mwamba. Kisha pigeni picha kutoka mahali palepale, kijiti kikiwemo kwenye picha, kabla ya masika na baada ya masika. Picha moja nzuri haithibitishi lolote. Picha mbili zisizo nzuri sana zilizopigwa mahali pamoja, miezi sita mbalimbali, zinaweza kuthibitisha kwamba ukingo umeliwa.

Usichimbe, na hii ndiyo sababu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wenye nia njema wanapoharibu zaidi. Mtu akishaamini kwamba chini ya tuta kuna kitu, mkono humwasha. Lakini chimbo ni kitabu kinachochanwa kila ukurasa unaposomwa: tabaka likishavurugwa haliwezi kurudishwa, na kipande cha chungu kilichotolewa mahali pake hakisemi tena kilikuwa chini ya sakafu au juu yake.

Kuna kilima kule Marlborough, Uingereza, karibu na Mto Kennet, chenye kimo cha takriban mita 19. Wanormani walikuwa na ngome juu yake, na baadaye katika karne ya 17 kikageuzwa pambo la bustani, kikachongwa njia ya kuzunguka hadi kileleni. Watu walibishana kwa muda mrefu kama Wanormani ndio waliokijenga. Wataalamu hawakukikata kwa tingatinga. Walipitisha bomba jembamba kutoka kileleni hadi chini, wakatoa udongo ulioshikamana kama muwa, na ndani yake wakapata vipande vidogo vya makaa. Makaa hayo yalipopimwa, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kilima kilirundikwa karibu mwaka 2400 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 3000 kabla Mnormani yeyote hajazaliwa. Wanormani walikikuta, wakakitumia. Uchunguzi wa namna hiyo ulipofanywa Skipsea, kaskazini mwa nchi hiyo, kilima kingine kilichohesabiwa kuwa cha Wanormani kikathibitika kuwa cha enzi ya chuma. Fikiria kama katika karne ya 19 mwenye shamba angekuwa amekichimba kile cha Marlborough kutafuta dhahabu: makaa yale, ambayo hayakuwa makubwa kuliko punje, yangetupwa pamoja na taka.

Basi ukiokota kitu juu ya ardhi, kipande cha kaure ya Kichina, ushanga, risasi ya gobori, kwanza kipige picha mahali kilipo, weka alama kwenye ramani, na uiache ardhi ya chini yake. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyegundua mahali au jengo la kale au kitu cha kiakiolojia kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokigundua, na kama ni kitu cha kubebeka akikabidhi kwao. Mombasa hatuna udhuru wa umbali, kwani afisi zao ziko Fort Jesus. Sheria hiyohiyo inakataza kuchimba kutafuta mambo ya kale bila leseni. Uingereza nako, kutumia kifaa cha kutafutia vyuma kwenye ngome iliyolindwa bila kibali ni kosa la jinai, na kwa haki, maana kila sarafu inayotolewa usiku huacha shimo na kuondoka na tarehe ya tabaka zima.

Utunzaji wa kila siku

Adui mkubwa wa ngome ya udongo ni njia ya miguu. Watu hupanda kilima kwa mstari ulionyooka, majani yanakufa, mvua inafuata nyayo, na baada ya masika tatu njia imekuwa mfereji. Dawa yake si kuwafukuza watu. Wafungie ile njia ya moja kwa moja kwa matawi ya miiba kwa msimu mmoja, uwape nyingine inayopanda kwa kuzunguka, na palipoliwa pajazwe udongo ulioletwa kutoka nje, juu ya kitambaa kigumu au gunia la katani, ili siku zijazo ijulikane wapi ni pa kale na wapi ni pa jana. Usijaze kwa kukwangua tuta la jirani.

Majani mafupi yaliyoshikana ndiyo ngozi ya ngome. Waingereza hupenda kulisha kondoo wachache juu ya vilima hivi, kwa sababu kondoo hunyoa bila kukata ardhi, ilhali ng'ombe ni mzito na kwato zake hufungua majeraha kwenye mtelemko. Kwetu mbuzi ndio wanaokuja bila kualikwa, nao hung'oa hadi mzizi. Kama huwezi kuwazuia, zungumza na mwenyewe mpangiane siku. Pikipiki zisipande kabisa.

Juu ya miti nina ushuhuda wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana tulijitolea kusafisha gofu moja la matumbawe kando ya bahari, lililokuwa limefunikwa na mtini mwitu. Tulifurahia mno kazi, na mtini ulipokataa panga tukaufunga kamba, watu sita tukavuta. Mzizi ulitoka kweli, na pamoja nao ukatoka ukuta wa karibu mita 2, mawe yakimiminika miguuni petu, na nyuma yake tukaona lipu ya chokaa nyeupe, laini kama ganda la yai, ambayo haikuwa imeguswa na mwanga tangu mtini ule ulipoota. Mvua ya juma lile iliimaliza. Tangu siku ile nasema kwa kila kundi: kata shina karibu na ardhi, paka kisiki dawa kama fundi wa makavazi atakavyoelekeza, na mzizi uache uozee mahali pake. Kwenye kilima cha udongo kanuni ni ileile, tena kwa nguvu zaidi, kwa maana mti mkubwa ukiangushwa na upepo wa kusi hung'oka na shehena nzima ya tabaka za ngome kwenye mizizi yake. Ni afadhali upunguzwe matawi mapema.

Penye mawe ya matumbawe, usikubali saruji. Mjumbe fulani atakuja na mifuko mitatu na fundi wa bure, na itakuwa vigumu kumkatalia. Mkatalie. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu, kwa hiyo maji ya chumvi yaliyomo ukutani hutafuta njia kupitia jiwe lenyewe, na chumvi ikikauka hulipasua jiwe punje kwa punje mpaka saruji inabaki imesimama na jiwe limekwisha. Chokaa iliyopikwa na kuozeshwa vizuri ndiyo iliyojenga Mji wa Kale, na ndiyo inayofaa kuutengeneza.

Kuhusu maji yenyewe, mto hula zaidi upande wa nje wa kona, na bahari hula chini ya mwamba kabla ya kula juu. Mawimbi yalikuwa yameanza kuuchimba mwamba uliobeba Fort Jesus, hata ikabidi ujengwe ukuta wa kuyazuia, na hiyo ni kazi ya wahandisi na fedha za serikali. Mkaazi asijaribu kuiga kwa kumwaga kifusi ukingoni, kwani kifusi huyarudisha mawimbi kwa nguvu kwa jirani na pia hufunika ushahidi. Lakini palipokuwa na mikoko zamani, kuirudisha kunasaidia kweli: mlilana hukaa upande wa maji, mchu huvumilia juu kwenye chumvi kali. Shirikiana na wanaojua, na usipande mche ndani ya handaki wala juu ya msingi.

Ulinzi wa kisheria

Waingereza walianza mwaka 1882 kwa sheria fupi iliyoambatana na orodha fupi ya mahali pa kale, na mkaguzi wa kwanza, Augustus Pitt-Rivers, aliweza kuwashauri wenye mashamba lakini si kuwalazimisha. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 1979. Ngome ya udongo ikishaingia katika orodha, hakuna kuchimba, kujenga, kufukia wala kuondoa udongo bila kibali cha waziri, na taasisi ya Historic England humshauri waziri juu ya kila ombi. Shamba linabaki la mwenyewe. Anachopoteza ni ruhusa ya kuligeuza apendavyo.

Kwetu Kenya, waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, hutangaza mahali kuwa kumbukumbu ya kitaifa au eneo la hifadhi katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuharibu palipotangazwa ni kosa. Jambo la kuwaeleza majirani tangu mwanzo, na kwa upole, ni kwamba tangazo si kunyang'anywa hati. Nimeona maombi mazuri yakizimwa na uvumi wa barazani kwamba serikali inakuja kuhamisha watu, kwa sababu waliokuwa wakipima walipima kimyakimya.

Andika barua ya kurasa mbili, si zaidi. Aya ya kwanza iseme mahali palipo, kwa mtaa, alama za karibu na nambari za ramani. Ya pili ieleze kinachoonekana kwa namba zako: handaki lina upana gani, kilima kina kimo gani. Ya tatu iseme hatari iliyopo na ilianza lini. Yale usiyo na hakika nayo usiyaandike. Afisa akikuta kosa moja katika historia, atayashuku na vipimo vyako. Ambatanisha mchoro, picha za tarehe mbili, na majina ya wazee waliokubali kuhojiwa. Toa nakala tatu. Moja ipelekwe kwa Makavazi, moja kwa idara ya utamaduni ya Kaunti ya Mombasa, na ya tatu ubaki nayo baada ya kugongwa muhuri wa kupokelewa. Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwenye afisi moja bila nakala wala muhuri, na miezi minne baadaye niliporudi hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuiona. Nilianza upya, na wakati huo pembe ya mahali pale ilikuwa imekwisha kuwekwa msingi wa nyumba.

Ikiwa ujenzi mkubwa umekwisha kupangwa, usingoje tangazo. Miradi mikubwa hulazimika kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na wananchi hualikwa kutoa maoni kwa maandishi. Peleka mchoro wako huko. Mwenye mradi mara nyingi hana habari kwamba pana kitu, na akionyeshwa mapema anaweza kusogeza ukuta mita 10 bila hasara kubwa; akionyeshwa tingatinga zikiwa kazini, hawezi, au hataki.

Baada ya kibao kusimama

Tangazo likitoka na kibao kikisimamishwa, kazi ya mkaazi haijaisha, imebadilika tu. Piga vigingi vya mti mgumu kwenye mstari mmoja nyuma ya ukingo, umbali wa mita 5 kutoka kwenye maji ya bamvua, nje ya handaki na nje ya tuta, ukiwa na idhini ya Makavazi. Kila mwaka, juma la kwanza baada ya masika, pima kutoka kila kigingi hadi ukingoni na uandike katika daftari lilelile, kwa tarehe na jina la aliyepima. Kigingi kimoja kikisoma mita 5, mwaka wa pili mita 4.7, na wa tatu mita 4.1, umepata habari ambayo hakuna mgeni angeweza kukuletea, na ndiyo ya kuambatanisha na barua inayofuata.